Meno ya Mtoto Aliyezaliwa na Uzito Mdogo: Daktari wa Meno Anawajibu Wasomaji

Barua za mwezi huu zimetoka Lamu na Malindi, na karibu zote zinahusu watoto waliozaliwa wadogo, kwa hiyo nimeamua safu nzima iwe yao. Kabla ya majibu, naomba tuelewane juu ya vipimo. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa mtoto ana uzito mdogo anapozaliwa akiwa chini ya kilo 2.5, mimba iwe ilikuwa ya miezi mingapi. Aliye chini ya kilo 1.5 huwekwa katika kundi la uzito mdogo sana. Wapo waliozaliwa wadogo kwa sababu walikuja mapema, yaani kabla ya mimba kutimiza wiki 37, na wapo waliotimiza muda wao lakini hawakukua vizuri tumboni, pengine kwa sababu ya malaria, shinikizo la damu la mama au upungufu wa damu. Tofauti hiyo ina maana katika habari ya meno, kama mtakavyoona. Uzito na wiki za mimba huandikwa katika kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto. Anayemleta mtoto kwa daktari wa meno na aje nacho, kwa maana mara nyingi kijitabu hicho hunieleza mengi kuliko kioo changu.

Binti yangu alizaliwa mimba ikiwa na wiki 31, uzito wake ukiwa kilo 1.6. Sasa ana miezi kumi na hana hata jino moja, ilhali binamu yake waliyezaliwa wiki moja ana manne. Mama mkwe anasema fizi zimekuwa ngumu, zinataka kuchanjwa kidogo ili meno yapate njia. Dukani nimeshauriwa ninunue dawa ya kalsiamu. Nifuate lipi?
*Mama, Langoni, Lamu*

Usifuate lolote kati ya hayo mawili, mama. Binti yako, kwa maelezo uliyonipa, hajachelewa.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati ana umri wa aina mbili. Upo ule unaohesabiwa tangu siku aliyozaliwa, na upo ule unaohesabiwa tangu siku aliyotarajiwa kuzaliwa, ambao madaktari wa watoto huuita umri uliorekebishwa. Mimba kamili huhesabiwa kuwa wiki 40. Binti yako alitangulia kwa wiki tisa, yaani miezi miwili na siku kidogo. Ziondoe hizo katika miezi kumi, utaona kwamba kwa upande wa ukuaji yeye ni mtoto wa miezi minane hivi. Jino la kwanza kwa kawaida hutokeza karibu na mwezi wa sita, mara nyingi ni moja kati ya yale mawili ya mbele ya chini, lakini wako watoto wazima kabisa wanaoanza wakiwa na miezi minne na wengine baada ya kutimiza mwaka. Uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali kuhusu watoto waliozaliwa kabla ya wakati umeonyesha mara kwa mara kwamba, wakihesabiwa kwa tarehe ya kuzaliwa, huonekana wako nyuma, na wakihesabiwa kwa tarehe waliyotarajiwa, sehemu kubwa ya ucheleweshaji huo hutoweka. Wanaobaki nyuma hata baada ya hesabu hiyo huwa ni wale waliozaliwa wadogo mno, waliougua sana, au waliokaa muda mrefu bila kulishwa kwa mdomo, na hao aghalabu huchelewa pia kukaa na kutambaa. Kwa hiyo binamu mwenye meno manne si kipimo kwako, ijapokuwa najua kwamba katika nyumba ya watu wengi ndiye kipimo ambacho kila mgeni atakishika.

Kuhusu fizi ngumu, napenda mama mkwe asikie haya kwa heshima. Jino halizuiwi na ufizi. Husogea juu mzizi wake unapokua na mfupa ulio juu yake unapoyeyuka taratibu, na likifika, ufizi hufunguka wenyewe. Ukichanja kwa wembe unaacha jeraha katika kinywa cha mtoto ambaye kinga yake bado haijakomaa, na jino litabaki lilipokuwa. Nazo dawa za kupaka za kutia ganzi fizi zisitumike kwa mtoto wa umri huu, kwa sababu baadhi yake zina kemikali inayoweza kuzuia damu kubeba oksijeni.

Na kalsiamu? Sehemu ya juu ya meno anayoyasubiri imekwisha kujengwa ndani ya taya, na kalsiamu utakayompa leo haitayavuta. Kama hospitali ilimwandikia matone ya vitamini D au dawa ya madini ya chuma, hayo endelea nayo kama ulivyoelekezwa, kwa kuwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati huzaliwa na akiba ndogo ya vyote viwili. Zaidi ya hapo usiongeze kitu bila kupimwa.

Afikapo mwaka mmoja na nusu bila jino lolote, hapo ndipo tutafute sababu: tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, matege, utapiamlo mkali, au mara chache sana mtoto asiyekuwa na vijimeno ndani ya taya. Lakini usingoje mpaka wakati huo ndipo umlete. Mtoto yeyote, awe na meno au hana, anastahili kuonwa na daktari wa meno kabla ya kumaliza mwaka wake wa kwanza.

Nina pacha wa miaka miwili na nusu. Wa kwanza alizaliwa na kilo 2.2 akaruhusiwa kurudi nyumbani mapema. Wa pili alikuwa na kilo 1.4, akakaa wodi ya watoto wachanga kwa wiki sita, na siku za mwanzo alipumua kwa mpira uliopitishwa mdomoni. Wanakula sahani moja na mama yao huwapiga mswaki pamoja. Wa kwanza ana meno meupe. Wa pili, meno yake ya mbele ya juu ni ya manjano yenye vishimo, na moja la kushoto limeanza kumeguka. Katika kliniki moja mke wangu aliambiwa mbele ya watu kwamba huo ni uchafu na chupa. Tangu siku hiyo hataki kumpeleka mtoto popote. Kosa ni letu?
*Baba wa pacha, Maweni, Malindi*

Ndugu yangu, barua yako imekwisha kujijibu. Watoto wawili wanaokula sahani moja na kusafishwa kwa mkono mmoja wametofautiana katika jambo moja kubwa, nalo ni zile wiki sita. Sijamwona mtoto wala siwezi kuthibitisha ugonjwa kwa barua, lakini ulivyoyaeleza meno yake ndivyo ulivyo upungufu wa enameli, ambao jino hutoka nao ufizini kabla ya mswaki wala chupa kuligusa.

Enameli ni lile gamba gumu linalofunika jino. Kwa uzito wake, karibu asilimia 96 ni madini, hasa kalsiamu na fosfeti. Hujengwa na seli maalumu zinazojipanga juu ya jino likiwa bado limefichwa ndani ya taya, na kwa meno ya mbele ya utotoni madini huanza kuwekwa karibu na wiki ya 14 ya mimba, kazi ikamalizika miezi michache tu baada ya mtoto kuzaliwa. Magego ya utotoni huchukua muda zaidi. La pili hukamilika gamba lake mtoto akikaribia mwaka. Kazi ikiisha, seli hizo hufa. Jino linapochomoza hakuna tena wa kulikarabati, na kasoro iliyoingia wakati wa ujenzi hubaki palepale mpaka jino hilo ling'oke.

Tazama fundi anayepaka chokaa ukuta wa nyumba ya mawe: akikatizwa katikati ya kazi, hata akirudi kesho yake na chokaa ileile, pale alipoachia hubaki mstari. Kila mtoto anao mstari wa namna hiyo ndani ya meno yake ya utotoni, ulioachwa na mshtuko wa kuzaliwa, nao huonekana kwa darubini. Wataalamu huutumia kutenganisha sehemu ya jino iliyojengwa tumboni na ile iliyojengwa baada ya hapo. Kwa mtoto aliyetimiza muda, meno ya mbele huwa yamejengwa kwa sehemu kubwa kabla ya mstari. Kwa aliyekuja mapema, kazi kubwa zaidi hufanyika nje, na hufanyika madini yakiwa haba, kwa maana asilimia 80 hivi ya kalsiamu aliyo nayo mtoto anapozaliwa kwa muda kamili huwa ameipata kwa mama katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Kwa uzito ulioutaja, huenda pacha wako wote wawili walikuja mapema wakaikosa sehemu ya miezi hiyo. Mkubwa alirudi nyumbani kunyonya. Mdogo, ambaye akiba yake ilikuwa ndogo zaidi tangu mwanzo, alibaki wodini, na huko kila kinachomsumbua mtoto mchanga, yaani upungufu wa oksijeni, maambukizi ya damu, sukari kushuka, kuchelewa kulishwa, huziyumbisha seli zile zile zinazojenga enameli. Manjano makali ya watoto wachanga nayo huweza kuacha rangi ya kijani ndani ya jino.

Lipo jambo jingine, na nimelifikiria niliposoma kwamba jino lililomeguka ni la kushoto. Ili kuupitisha mpira wa kupumulia, daktari hufungua koo kwa kifaa cha chuma anachokishika kwa mkono wa kushoto, na kwa kichanga kisicho na meno kifaa hicho huweza kuegemea ufizi wa juu, mahali ambapo vijimeno laini vinajengwa chini yake. Ndiyo sababu kasoro za watoto waliowekewa mpira huonekana zaidi katika meno ya mbele ya juu, na upande wa kushoto kuliko wa kulia. Mpira wenyewe ukikaa siku nyingi huweza pia kuacha mfuo katika kaakaa au kulifanya kaakaa kuwa jembamba na la kwenda juu, hali ambayo mara nyingi hupungua kadiri mtoto anavyokua. Nayasema haya ili muelewe, na si ili mtafute wa kumlaumu, kwa sababu bila mpira ule leo tusingekuwa tunazungumza habari za meno.

Sasa lililo muhimu kuliko sababu. Enameli iliyo pungufu haiumi kwa yenyewe, lakini ni mlango wazi: vijidudu vya kuozesha meno hushika katika vishimo ambavyo nywele za mswaki hazifiki, na uozo unaomchukua mtoto mwingine miaka hapa huchukua miezi. Naomba mfanye uchunguzi mdogo nyumbani. Keti kwenye kiti mkabala na mama yake, magoti yenu yakigusana, mtoto akae mapajani mwake akimwelekea yeye, kisha mlazeni chali kichwa chake kiwe mapajani mwako. Mwanga wa dirishani unatosha. Inua mdomo wa juu kwa kidole mpaka uone ufizi, upanguse meno kwa kitambaa kikavu, halafu utazame: rangi ya maziwa au manjano iliyo laini ukiigusa kwa ukucha, vishimo, kingo zilizomeguka, na zaidi ya yote kijipu chochote kwenye ufizi juu ya jino. Ukiona kijipu, safari ya hospitali ni ya siku hiyohiyo. Pia tazameni magego ya nyuma, ambayo wazazi wengi huyasahau kwa kuwa hayaonekani mtoto anapocheka, na kumbe ndiyo yanayotafuna.

Tiba ipo, na nyingi haihitaji sindano. Meno hupakwa dawa nzito ya floraidi kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Vishimo huzibwa kwa simenti ya meno inayogandamana na jino na kutoa floraidi kidogo kidogo. Pale uozo ulipokwisha kuanza na mtoto hakubali kukaa kwenye kiti, ipo dawa ya maji yenye madini ya fedha inayousimamisha. Itaacha weusi mahali palipooza, na wazazi wanapaswa kuambiwa hivyo kabla ya kupakwa, si baada. Magego yaliyoharibika sana huvikwa kofia ya chuma. Kung'oa nakuweka mwisho, kwa sababu jino la utotoni hushikilia nafasi ya lile litakalokuja.

Hayo yatakayokuja si lazima yawe hivi. Meno ya kudumu ya mbele huanza kuwekwa madini miezi mitatu au minne baada ya kuzaliwa kamili, wakati ambao mwanao alikuwa tayari nyumbani. Gego la kwanza la kudumu ndilo linaloanza karibu na siku za kuzaliwa, nalo hutoka nyuma ya mengine mtoto akiwa na umri wa miaka sita hivi, bila kung'oka jino lolote mbele yake, kwa hiyo watu hudhani ni la utotoni. Liandikeni mahali. Na jino la utotoni lenye usaha lisiachwe kwa kisingizio kwamba litang'oka tu, kwani maambukizi hayo huweza kuliharibu la kudumu lililo chini yake.

Kwa mke wako: aliyemsema mbele ya watu hakusoma kijitabu cha kliniki. Mpelekeni mtoto kwa daktari wa meno mwingine, na safari hii nenda naye.

Mwanangu daktari, mjukuu wangu alizaliwa na kilo mbili kasoro. Ana miezi saba, anaharisha na ana joto tangu juzi. Jirani amenionyesha vivimbe vyeupe kwenye ufizi, akasema hayo ni meno ya plastiki na yasipotolewa mtoto atakufa. Yuko mtu anayeyatoa kwa njiti ya baiskeli. Nimeingiwa na hofu.
*Bibi, Faza*

Shikamoo, Bibi. Vivimbe hivyo visiguswe. Ni chonge za utotoni zilizojaa ndani ya taya zikingoja zamu yao, na kila mtoto anazo. Desturi ya kuzing'oa ipo katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na mtoto hufa kwa pepopunda, kwa kutokwa na damu, kwa maambukizi au kwa kuendelea kuharisha bila dawa, huku watu wakisema yalichelewa kutolewa. Anayepona hupoteza chonge, na mara nyingi hata za kudumu hutoka zimepinda au hazitoki kabisa. Mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo ana damu kidogo na nguvu kidogo za kuhimili hayo.

Kuharisha na homa havitokani na meno. Katika umri huu mtoto hutia kila kitu mdomoni na ameanza kula, kwa hiyo hupata vijidudu. Meno huotea wakati huohuo na kubeba lawama. Anyonye mara kwa mara, apewe maji ya chumvi ya pakiti yatolewayo zahanati pamoja na vidonge vya zinki, na kwa kuwa ana homa aonwe leo. Akiwa amelegea, macho yameingia ndani au hanyonyi, msingoje chombo cha kesho.

Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi minane. Alizaliwa mimba ikiwa imetimia lakini alikuwa na kilo 1.9. Kila nikienda kliniki naambiwa uzito hautoshi, nimlishe zaidi. Nampa uji wenye sukari nyingi, tende, chai ya maziwa, na usiku hulala na chupa ya maziwa yenye sukari. Anatumia pia dawa ya maji ya kuongeza damu. Sasa meno yamekuwa meusi, na karibu na ufizi kuna mstari mweupe. Dawa ndiyo inayomharibu? Niiache?
*Mama, Barani, Malindi*

Dawa usiiache, dada. Weusi ni rangi ya madini ya chuma iliyoshika juu ya jino, nayo huondolewa kwa kusuguliwa na daktari wa meno. Mpe dawa kwa bomba lisilo na sindano ukilenga nyuma ya shavu, kisha mpe maji na umpanguse meno. Usimpe karibu na wakati wa chai, kwa sababu majani ya chai huzuia mwili kuyapokea madini hayo; na ukweli ni kwamba mtoto wa umri huu hana haja na chai.

Mimi nauogopa ule mstari mweupe. Huo ndio mwanzo wa uozo, na ukiwahiwa hurudi nyuma. Ukiachwa utakuwa wa kahawia, kisha shimo.

Umewekwa katikati ya mashauri mawili: kliniki inataka kilo, nami nataka sukari ipungue, na mama hubaki akijiuliza amtii nani. Yanapatana kuliko inavyoonekana. Sukari hujaza tumbo na kuondoa hamu ya chakula, lakini haijengi misuli wala damu. Kinachomwongezea mtoto uzito ni mafuta na protini, na jiko la pwani halikosi vitu hivyo: uji uliotiwa njugu zilizosagwa laini au ufuta, viazi vikuu vilivyopondwa kwa tui zito, samaki aliyetolewa miiba vizuri na kuchanganywa na ndizi za kupika, mbaazi za nazi zilizopondwa, yai, parachichi, kijiko cha mafuta juu ya wali. Njugu nzima asipewe, zitampalia. Ale mara nyingi kwa sahani yake mwenyewe, ili ujue amekula kiasi gani, na aendelee kunyonya kama bado ananyonya. Tende ina faida yake, lakini hunata. Ipondwe na kuliwa pamoja na chakula, isiwe kitu cha kushikwa mkononi kutwa nzima, maana meno hudhurika zaidi kwa idadi ya mara ambazo utamu hupita kinywani kuliko kwa ukubwa wa tonge. Mabuyu ya rangi na barafu za kunyonya na zimngoje akue.

Ile chupa ya usiku ndiyo ya kuondoa kwanza. Mtu akilala mate hupungua, na maziwa yenye sukari hukaa juu ya meno ya mbele mpaka alfajiri. Punguza sukari kwa siku kadhaa, kisha punguza maziwa, mwisho ibaki chupa ya maji, halafu mzoeshe kikombe. Atalia usiku mbili tatu, na majirani watasikia, vumilia.

Mtoto aliyezaliwa na kilo 1.9 huenda ana enameli dhaifu hata kama alitimiza miezi tisa, kwa hiyo mswaki kwake ni lazima mara mbili kwa siku, ukishikwa na wewe. Tumia dawa ya meno yenye floraidi isiyopungua 1000 kwa milioni, kama inavyoandikwa ubavuni mwa kibomba, kiasi cha punje moja ya mchele. Akitimiza miaka mitatu utaongeza ifikie ukubwa wa mbaazi. Mswaki wa mti ni mzuri kwa mtu mzima anayejua kuutafuna, lakini kinywa hiki bado ni kidogo mno kwake.

Mtoto wa ndugu yangu, aliyezaliwa njiti, ameanza kwa jino la juu. Wazee wananong'ona kuhusu kigego, mtoto wa nuksi. Kuna ubaya?
*Shangazi, Mambrui*

Hakuna, shangazi. Meno ya chini hutangulia kwa watoto wengi, lakini wapo wanaoanza juu, wawe njiti au waliotimia, na halitabiri lolote juu ya mtoto wala juu ya nyumba yake. Jino hilo lipigwe mswaki kuanzia leo.

Nina mimba ya miezi mitano. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa na kilo 2.1. Fizi zangu zinatoka damu nikipiga mswaki, na nimeambiwa mjamzito hatibiwi meno. Je, ipo njia ya kumkinga huyu wa pili, na meno yake yawe mazima?
*Mama mtarajiwa, Mkomani, Lamu*

Uliyoambiwa siyo. Mjamzito hutibiwa meno, na miezi uliyo nayo sasa ndiyo inayofaa kuliko yote, kwa sababu kichefuchefu kimepungua na tumbo bado halijawa zito kulala chali. Mwambie tu daktari kwamba una mimba kabla ya eksirei au dawa yoyote. Dawa za jamii ya tetrasaiklini hasa uziepuke, kwani huacha rangi ya kudumu katika meno ya mtoto yanayojengwa.

Homoni za mimba huzifanya fizi zivimbe kwa uchafu mdogo tu. Ugonjwa wa fizi umeonekana kwenda pamoja na kuzaa mapema na kuzaa watoto wadogo, lakini majaribio ya kuwatibu wajawazito fizi zao hayakuonyesha waziwazi kwamba matibabu hayo peke yake huzuia hali hiyo, kwa hiyo sitakuahidi hivyo. Nakuomba utibiwe kwa ajili yako mwenyewe, na kwa sababu mama mwenye meno yaliyooza humpitishia mtoto vijidudu kwa mate, anapomtafunia chakula au kuonja kwa kijiko chake.

Kinachomkinga mtoto na uzito mdogo ni mambo ambayo kliniki ya wajawazito imekwisha kukuambia. Pwani yetu ina malaria, kwa hiyo chandarua cha dawa na vidonge vya kuzuia malaria vinavyotolewa kliniki visikupite. Vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi umeze hata vikikuchafua tumbo. Shinikizo la damu lipimwe kila ukienda. Kama unatafuna tambuu, hasa yenye tumbaku, iache. Popoo na tumbaku vyote vimehusishwa na kuzaa watoto wadogo. Miraa na muguka vivyo hivyo.

Kuhusu enameli yenyewe, utafiti mmoja wa Denmark uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba watoto ambao mama zao walipewa vitamini D kwa kiwango kikubwa tangu wiki ya 24 ya mimba walikuwa na kasoro za enameli kwa karibu nusu ya wenzao walipofika miaka sita. Hao walikuwa wanawake wa nchi ya jua haba, lakini jua letu jingi halimfikii anayeshinda ndani au anayetoka akiwa amejifunika kote. Keti uani au kwenye dari asubuhi, mikono na miguu ikiwa wazi, kula samaki wenye mafuta, na umuulize daktari wa kliniki kama unahitaji vidonge. Usijinunulie tu, maana vikizidi hudhuru.

Mtoto wako wa kwanza hukutaja meno yake. Siku utakayokuja kusafishwa fizi, njoo naye, pamoja na kijitabu chake.